Mashine Iliyobebwa na Mwenzake

Siku ya kumvisha Heaika nguo za kuzikwa, Novemba iliyopita, mkewe Márgget alikuta spana namba kumi na tatu katika mfuko wa koti lake la Jumapili. Aliitazama, akaifuta kwa aproni yake, akairudisha mfukoni. Wengine wetu tulidhani atajirekebisha. Hakujirekebisha. Basi Heaika alikwenda kwa Mola wake na spana, na anayetaka kumfahamu aanze na hiyo spana.

Alikuwa mfugaji wa kulungu wa kaskazini kama baba yake, juu kabisa ya mto, karibu na mpaka. Hakuna aliyejua ana kulungu wangapi. Kwetu kumuuliza mfugaji swali hilo ni sawa na kumtia mkono mfukoni. Kilichojulikana ni kwamba kwa miaka ishirini na miwili aliwafuata kwa pikipiki moja ya theluji, nyekundu iliyopauka, yenye kiti kilichoshonwa kwa ngozi na injini inayokohoa kama mzee aliyeamshwa. Kila kitu ndani yake alikuwa amekifungua na kukirudisha kwa mkono wake. Alipoamka asubuhi alisoma sala, akanywa kahawa, akaenda kuivuta kamba ya kuwashia. Ilipokubali alisema, "Ashukuriwe Mungu," naye hakuwa anatania.

Vuli moja ekseli inayozungusha ule mkanda mpana wa mpira, ambao pikipiki ya theluji hutambaa juu yake badala ya magurudumu, ilikatika. Injini ilikuwa nzima, ila hapakuwa na njia ya kuifikisha nguvu chini. Kipuri chake hakikutengenezwa tena popote.

"Nunua mpya, binamu," alisema Jovnna, mtoto wa baba yake mkubwa, ambaye tayari alikuwa na mpya. "Hiyo yako ikiungua hata moto utaionea huruma."

"Mpya yako ina skrini."

"Ina skrini, ndiyo. Inakwambia kila kitu."

"Mimi sijaiuliza kitu."

Lakini aliinunua, kwa sababu kulungu hawafuatwi kwa kiti cha jikoni. Ilifika Desemba, nyeusi, nzito, kimya. Ilikwenda vizuri kwenye theluji laini, na Heaika alikasirika kidogo kuona hana cha kulalamikia.

Kisha, wiki moja baada ya Epifania, katikati ya Januari, ikanyesha mvua. Ilinyesha siku mbili juu ya theluji, halafu baridi ikarudi kwa kishindo na nchi nzima ikageuka kioo. Kulungu wake walikuwa nyuma ya mlima, kilomita kumi na tano kutoka nyumbani. Chakula chao cha majira ya baridi ni ukoga mweupe unaoota ardhini chini ya theluji, nao huuchimba kwa kwato. Kioo kile hakikuchimbika. Majike walikuwa na mimba. Ilibidi awafikie, awaonjeshe chakula cha magunia, kisha awaongoze hadi msitu wa zamani ulio karibu na nyumba, ambako ukoga huning'inia kwenye matawi. Siku nne, tano, si zaidi. Baada ya hapo wangeanza kulala chini wasiinuke.

Alipakia magunia kwenye sleji, kigari kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji, asubuhi kukiwa bado na kiza cha buluu, akaondoka. Kilomita ya nne, skrini ikawa nyekundu. Mashine ilikuwa inachemsha. Ile ya zamani ilipozwa na hewa tu. Hii mpya ilipozwa na theluji inayorushwa na mkanda wake kuelekea kwenye mabomba ya maji yaliyo chini ya kiti, na juu ya kioo hapakuwa na theluji ya kurushwa. Mvua ileile iliyowafungia kulungu chakula ndiyo iliyoinyima mashine maji baridi.

Heaika alichukua shoka, akapasua barafu, akachota theluji ya chini kwa kofia, akaimwagia. Ikapoa. Akaenda mita mia tano. Nyekundu. Akapasua, akachota, akamwagia. Saa sita mchana alikuwa kilomita ya saba, kofia imeloa na kuganda kichwani kama sufuria. Hapo mashine ilijipunguzia nguvu yenyewe, ikakataa kwenda zaidi ya mwendo wa ng'ombe.

Alimpigia Jovnna simu pale pale. Alisema maneno ambayo mtu aliyeokoka hasemi, kwanza kuhusu mashine, kisha kuhusu aliyemshauri ainunue, kisha, Mungu amrehemu, kuhusu mama aliyemzaa mshauri. Halafu akageuka, akarudi nyumbani kwa mwendo wa ng'ombe.

Márgget alikuwa mlangoni. "Umewaona?"

"Nimeona skrini."

Jioni ile alifunga minyororo miwili nyuma ya mashine ili iparuze barafu na kuinua vumbi la theluji. Iliteleza tu. Akaenda ghalani, akatoa reki ya kukusanyia nyasi kavu iliyokuwa ya baba yake, akang'oa meno mawili ya chuma chenye springi. Akatoboa, akafunga bolti, akamwita Márgget aje amulike tochi.

"Meno ya mzee wangu," alisema. "Sasa tung'ate."

Asubuhi yalikwangua barafu vizuri, vumbi jeupe likapanda, skrini ikatulia. Kwenye kona ya kijito akakosa njia, akarudi nyuma kidogo. Mashine ya zamani haikujua kurudi nyuma; hii ilijua. Meno yakajikita kwenye barafu, yakasema *ta, ta*, yakakatika yote mawili.

Hakutukana safari hii. Alikaa juu ya mashine, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bwana, hili nalo?" Kisha akarudi tena nyumbani, akachemshiwa kahawa, akang'oa meno mengine mawili. Haya aliyafunga kwa bawaba ya mlango wa banda la kuku na kamba, ili ayainue kabla ya kurudi nyuma. Siku ya pili ikawa imekwisha.

Siku ya tatu alifika. Alivuka mlima saa nne, jua likichungulia tu, kwani kwetu Januari huchelewa, akawaona wametawanyika ubavuni, wembamba, baadhi wakiparuza kioo bila kukivunja. Akapunguza mwendo, akawasogelea upande wa chini ya upepo kama alivyofanya miaka yote.

Gabba, dume mweupe aliyehasiwa, mwenye kengele, anayefuatwa na wote, aliinua kichwa. Alisikiliza mngurumo ule mzito wa chini. Akageuka. Kundi zima likageuka naye, likapanda mlima likikimbia juu ya barafu, kwato zikigongagonga, majike wenye mimba wakianguka magoti na kuinuka.

"Ni mimi!" alipiga kelele Heaika. "Gabba! Ni mimi, we mjinga!"

Alizima injini, akatembea na gunia, akilitikisa. Gabba alisimama mbali, akamtazama mtu, akaitazama mashine, hakuja. Heaika alimwaga chakula kwenye barafu na kuondoka ili wale angalau hicho. Kwa miguu asingeweza kuwaongoza kilomita kumi na tano juu ya kioo. Goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha tangu zamani. Na kila alipoiwasha mashine, walimaliza kwa mbio nguvu walizokuwa wamebakiwa nazo.

Nyumbani hakula. Mchuzi wa nyama ulipoa mbele yake.

"Wameshiba sauti moja miaka ishirini na miwili," alisema Márgget. "Sauti ile ni gunia. Sauti nyingine ni mtu asiyejulikana."

"Sauti ile imekatika ekseli."

"Ekseli imekatika. Je, koo?"

Heaika aliusukuma mchuzi pembeni.

"Injini si inawaka?" alisema Márgget. "Ipandishe kwenye sleji."

"Márgget. Nibebe mashine juu ya mashine? Kijiji kizima kitacheka."

"Kijiji hakina mimba."

Walitumia mbao mbili na winchi ndogo. Nusu saa nzima walivutana na yule mzee mwekundu, pikipiki ya zamani, aliyeteleza, akakwama, akamfinya Heaika kidole. Heaika alitoa mkanda mdogo wa ndani unaopeleka nguvu kwenye ekseli, ili injini ingurume bila kuzungusha kitu. Magunia wakayafunga kwenye sleji ya pili nyuma. Kisha ikabaki swali la nani ataiendesha sauti.

"Mimi," alisema Márgget, akafunga kitambaa chake vizuri.

Asubuhi ya siku ya nne Jovnna aliwaona wakipita mbele ya nyumba yake. Alitoka na kikombe mkononi, akamwona binamu yake mbele juu ya mashine nyeusi yenye meno ya reki, na nyuma yake, juu ya sleji, Márgget aliyekaa wima kama malkia juu ya pikipiki nyekundu isiyokwenda.

"Shemeji! Unaelekea wapi?"

"Kuimba!" alijibu Márgget.

Kilomita mbili kabla ya kundi Heaika alishuka, akaivuta kamba ya mzee. Mara moja, bure. Mara ya pili, bure. Mara ya tano alifungua plagi, akaifuta, akairudisha, akasali, akavuta. Ikakohoa. Moshi wa buluu ukatoka, harufu ile ya miaka yote, na Márgget akakishika kibonyezo cha mafuta kwa kidole gumba, akiinua na kushusha mngurumo. Heaika akaisogeza mashine mpya polepole kadiri alivyoweza, ili isisikike.

Gabba alikuwa amelala. Alisimama. Masikio yake yaligeuka, moja kwanza, kisha lingine. Kengele ikalia. Akashuka mlima akitembea, halafu akikimbia polepole, na wote nyuma yake, na Márgget akalia juu ya kiti bila kuacha kubonyeza mafuta.

Heaika akageuza msafara, kundi likaifuata sauti, wakafika msituni jioni. Majike wawili walibaki njiani, hawakuweza. Wengine wote waliingia chini ya miti wakaanza kuvuta ukoga kwenye matawi. Heaika alisimama katikati yao, mkono kwenye shingo ya Gabba, na bado amekasirika. Tangu asubuhi hiyo mashine mpya haikumkwamisha hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda jikoni kwa Jovnna. Hakukaa.

"Amani ya Mungu. Binamu, nilikosea kwenye simu. Niombee, unitangazie msamaha."

"Lile la skrini, au lile la mama yangu?"

"Yote."

Jovnna aliweka kikombe chini, akainuka, akamwekea mkono begani kama ilivyo desturi ya waumini wetu. "Amini kwamba umesamehewa yote, kwa jina la Yesu na kwa damu yake." Kisha akamtazama pembeni. "Na mashine je? Umeisamehe?"

"Haijaomba," alisema Heaika.

Aliiendesha miaka sita zaidi, akiifungua kila jioni kwa spana yake, na haikuomba. Alikufa hajaisamehe. Hilo moja tumemwachia Mungu.