Nyumba Isiyovuja

Ninyi mnaoishi Mogogosiek mnajua mvua yetu haihitaji saa. Ikifika saa nane mchana inashuka, na mchumaji anafunga nailoni yake kiunoni na kuendelea kuchuma majani ya chai. Kwa hivyo nikiwaambia habari ya Okemwa na nyumba yake, msimcheke haraka. Wengi wetu tungefanya vile vile.

Okemwa alikuja kutoka Nyamira akiwa kijana, akaajiriwa kiwandani, upande wa kukausha majani. Akamwoa Janefer, mchumaji mwenye mikono myepesi, wakapewa chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi. Niliwapelekea maziwa kila asubuhi kwa miaka kumi na saba, kwa hivyo paa la chumba kile nalijua. Lilivuja juu ya kitanda. Binti yao Moureen alipozaliwa, Janefer alikuwa akilala ameketi, mtoto kifuani, sufuria kando ikikinga matone. Asubuhi moja Okemwa aliniambia, macho yake chini, "Chepkurui, siku moja nitamnunulia huyu mama nyumba isiyovuja."

Miaka ikaenda, na kifua cha Janefer kikaanza kubana. Mwanzoni alikuwa akisimama katikati ya michai kama mtu aliyesahau kitu. Baadaye tulikuwa tunamsikia kabla ya kumwona, kifua kikilia kama birika linalokaribia kuchemka. Daktari mmoja pale Kericho alimpima, akatazama ukungu dirishani, akasema, "Mama, dawa nitakupa. Lakini hii baridi si yako. Tafuta mahali pakavu."

Okemwa alitafuta kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Akapata nyumba huko uwanda wa Kajiado, mtaa mpya pembeni mwa mji, nyumba zimepangwa sawasawa juu ya vumbi, na zaidi yake ni miiba na upepo mpaka macho yanachoka. Vyumba viwili na sebule, mlango wa chuma wa buluu. Aliyeiuza alikuwa fundi Amolo, ambaye aliijenga mwenyewe. Okemwa akauza ng'ombe wake wawili, akatoa akiba yake yote ya ushirika, na mwezi wa pili wakaandikiana kwa wakili.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo alienda na Janefer. Mama alitembea kutoka lango la nje mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena bila kupumzika.

"Baba Moureen," akasema, "sikiliza."

"Nini? Sisikii kitu."

"Ndiyo hiyo. Kifua hakilii."

Alitaka kubaki siku hiyo hiyo. "Niachie godoro na jiko. Hayo mengine utaniletea polepole."

Lakini Okemwa alikuwa ametazama juu. Paa lilikuwa karibu bapa, halina mifereji ya kukusanya maji. Chini hakukuwa na mtaro wala tangi.

"Amolo, mvua ikija, maji yanaenda wapi?"

"Mvua gani, mzee?"

"Mvua. Hii ya Mungu."

Amolo akacheka. "Hapa mvua ni mgeni. Ikija tunaiuliza imepotelea wapi. Wewe hamia tu na mama."

"Simleti huyu mama mahali pa kuvuja mara ya pili."

"Si hapavuji, Baba Moureen," Janefer akasema.

"Bado hapajanyesha."

Wakarudi Mogogosiek. Mwezi wa tatu Okemwa akaenda kung'oa mabati ili paa liinuliwe kama letu. Mwezi wa nne, mifereji ya bati. Mwezi wa tano akachimba mtaro kuzunguka nyumba, wa kufika magotini, akaujenga kwa mawe. Jirani mmoja wa huko, Rodah, alisimama kwenye ua akamwuliza, "Mzee, unangojea Ziwa Victoria lihamie hapa?" Mtaa mzima ukacheka.

Kila mwisho wa mwezi Janefer alifunga vyombo ndani ya katoni. Okemwa alirudi na kusema, "Mwezi ujao, mama. Imebaki kidogo tu." Naye Janefer alifungua katoni moja, akatoa sufuria ile tu ya kupikia.

Nilimwuliza Okemwa nikimpimia maziwa, "Kwani hamwezi kuhamia kwanza, halafu ujenge?"

"Chepkurui, wewe unalijua lile paa."

Nikanyamaza, kwa sababu nililijua kweli. Hilo bado linaniuma.

Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake. Tangi lilikuwa limeshafika Kajiado, limebaki kuunganishwa Jumamosi. Alhamisi, mvua ya saa nane ikipiga mabati, Janefer aliketi kitandani akashika mkono wa Moureen, na kabla gari la kumpeleka hospitali halijafika, kifua kikanyamaza. Katoni zilikuwa mlangoni, zimefungwa kamba. Tukamzika Nyamira.

Okemwa alipostaafu alihamia kule Kajiado peke yake. Moureen alimsihi wakae pamoja Kericho. Alijibu kwamba nyumba haikai bila mtu.

Novemba mimi na Moureen tulienda kumwona. Tulimkuta juu ya ngazi, anafagia vumbi kwenye mifereji kwa burashi.

"Unaendeleaje, Baba Moureen?" nikamwuliza.

"Ninapumua vizuri sana hapa," akasema. "Hata kukohoa sikohoi." Alisema kama mtu anayekiri wizi.

Siku hiyo mchana mawingu yakakusanyika, ikanyesha nusu saa, mvua ya kwanza tangu ahamie. Sisi tulikaa sebuleni. Nje maji yalikimbia ndani ya mtaro alivyoyapangia, na tangi likaanza kuguna likijaa. Okemwa alizunguka chumba hadi chumba akitazama dari. Hakuna tone lililoingia.

Ilipokatika, Rodah akaja na ndoo mbili, sketi imelowa mpaka magotini. Maji yalikuwa yameingia kwake, godoro linaelea, na mitungi yake yote imejaa matope.

"Mzee, na vile tulikucheka," akasema. "Kumbe ulikuwa na akili kutushinda sisi sote."

Okemwa akamfungulia bomba la tangi. Akaitazama ndoo mpaka ikafurika, maji yakamwagika miguuni pake.

"Hapana, Rodah," akasema. "Sikuwa nayo."