Siku Nne na Seva ya Rebero

Nyirahabimana alikuwa na ulimi mkali na mikono myepesi, na katika kampuni ile ya dawa za mifugo watu waliuvumilia ulimi kwa sababu ya mikono. Kwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyewasha, kuzima na kubembeleza kila seva. Alikulia Karagwe, akarudi Kigali na Kiswahili kilichonyooka, na hakuwa na simile kwa mtu anayebonyeza asichokijua. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na huu ulikuwa umebakiza wiki. Bosi mpya, Mugenzi, kijana aliyelelewa Uganda, alimwambia Jumatatu asubuhi pale makao makuu, Kacyiru, "Mama, tengeneza Rebero kwanza. Mambo ya mkataba tutaongea ikipona."

Basi akachukua begi lake, akapanda kilima cha Rebero hadi kwenye ofisi ya huko.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Kila ofisi, yaani Kacyiru, Kiyovu na Rebero, ilikuwa na seva yenye nakala ya daftari moja la majina: nani ni mfanyakazi, nywila yake ni ipi, aingie wapi, azuiwe wapi. Badiliko likiandikwa Kacyiru, nakala nyingine hulipokea baada ya dakika chache. Tangu Jumamosi Rebero haikupokea kitu. Aliyeajiriwa juzi kule hajulikani. Aliyebadilisha nywila anafunguliwa kwa ile ya zamani.

Jumatatu nzima alishuku antena, akamtoa jasho fundi wa mtandao kwa simu. Mtandao ulikuwa mzima. Jumanne akakagua anwani moja moja, zikawa sawa. Kila alipojaribu kuingia kwenye seva ya Kacyiru kutoka pale ilimkatalia, akajua ni ugonjwa ule ule. Jumatano hakula mchana. Mugenzi alimpigia mara mbili kwa siku: "Mama, wewe ndiye tegemeo letu." Alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mama wa watu, mtu mzima mwenye akili zake, akayapokea na kuongeza bidii.

Alhamisi ndipo alipomhoji Mukamana, mtunza stoo wa pale, kuhusu Jumamosi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, mtaa mzima unapotoka kufyeka na kuzibua mitaro, na hakuna duka linalofunguliwa kabla ya saa tano. Mukamana, kabla hajashika jembe, alizima swichi kuu kama anavyofanya kila mwezi.

"Siku zote nikirudisha umeme inawaka tu," alisema. "Sasa hii mara ikaniuliza saa na tarehe. Nikaweka saa."

"Na tarehe?"

"Mashine haiwezi kosa kujua tarehe, mama. Nikabonyeza tu."

Kibetri cha ndani kilikuwa kimekufa, na umeme ulipozimwa mashine ikasahau kalenda. Nyirahabimana alikuwa ameitazama saa ya seva ile siku nne akaiona sahihi hadi dakika. Mwaka ndio ulikuwa wa zamani, na seva nyingine hazisemi na mwenye tarehe ya uongo. Alimgombeza Mukamana mpaka machozi yakamlenga, kisha akacheka kwa furaha. Akaweka kibetri kipya, akasahihisha tarehe, akaiamuru Rebero ivute yote iliyoyakosa.

Majina yakaanza kuteremka kwenye kioo, akawa anayasoma kwa sauti. Mfanyakazi mpya wa Kiyovu. Umutoni, amehamishwa idara. Halafu jina lake mwenyewe: limefungwa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi.

Saa hiyo alikuwa bado njiani.

Alimpigia Trinah kule Kacyiru, binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfunza kazi kwa mwaka mzima.

"Mama, usinikasirikie," Trinah alisema kwa sauti ndogo. "Boss aliniambia nifunge jina yako ukishatoka tu. Akasema kule Rebero bado iko ile ya zamani, itakuachia ufanye kazi mpaka umalize."

"Na mkataba?"

"Walinipa mimi, mama."

Kwa hiyo mahali pekee palipokuwa bado panamtambua ni kwenye seva ile mbovu, naye ameiponya kwa mikono yake. Ofisi nzima ilijua, ikakaa kimya siku nne ikisubiri amalize. Hasira zikampanda. Alitaka kuirudisha tarehe ya uongo, waone. Lakini kioo kilikuwa kimeshajifunga. Aliandika jina lake, likakataliwa. Akaandika tena polepole, herufi kwa herufi, likakataliwa.

Kwenye simu akasikia watu wa Kacyiru wakipiga makofi: Rebero imepona. Mugenzi akaichukua simu.

"Asante sana, mama. Umetusaidia kweli. Hiyo laptop, mpe askari."

Nsabimana, mlinzi, alikuwa tayari amesimama mlangoni, mikono ameinyoosha.