Kasi Niliyoilazimisha

Mwanangu, Januari ya mwaka 2002 niliipoteza video ya harusi ya mpwa wangu, na ndani yake alikuwamo mama yangu akicheka na kupiga vigelegele. Mama alikwishafariki, na hatukuwa na video yake nyengine.

Nilikuwa na kiduka Mlandege, nikipiga video za harusi na kuzitengeneza kwenye kompyuta. Julai kabla ya hapo nilikwenda kununua prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Zilikuwapo mbili: moja ghali, ya kasi, nyengine rahisi, lakini vijana walisema ukiilazimisha iende kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani, huifikia ile ghali. Nikachukua rahisi, nikailazimisha, ikakubali. Nilijiona mjanja, wallahi.

Jirani yangu Fundi Hafidhi, mzee wa kutengeneza redio, akaigusa ile mashine.

"Ina homa hii."

"Inakwenda mbio, mzee wangu."

"Hata mwenye homa huropokwa mbio. Umeijaribu kipupwe wewe. Likija joto la kaskazi, utanambia."

Nikacheka. Mtaka yote hukosa yote, lakini ukiwa kijana hujui kama unasemwa wewe.

Harusi ilikuwa Disemba. Mama akatutoka wiki mbili baadaye. Video nilikwishaiingiza kwenye kompyuta, sijaitolea nakala, na mkanda wake nikaurikodia harusi nyengine, kama tulivyofanya sote ili kubana matumizi. Joto la kaskazi likapamba moto. Adhuhuri moja kompyuta ikaganda. Nikaiwasha, ikaganda tena. Ilipofunguka, video ilikuwa vipande vipande, haina sura wala sauti.

Nikamwambia Fundi Hafidhi kwamba dada yangu Salma, mama wa bibi harusi, nitamwambia ni umeme.

"Umeme wa hapa una madhambi yake ya kutosha," akasema. "Usiubebeshe na lako."

Nikenda Mpendae kwa dada, nikamweleza yote.

"Kwa hivyo mama hayumo tena?"

"Hayumo, dada. Nimempoteza mimi."

Alilia, nami nikalia. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga. "Kaa kitako. Wewe ulishughulika na kamera yako, hukumwona mama aliponivuta nicheze na magoti yangu haya. Nikuhadithie."

Tukakaa mpaka alasiri, na mara mbili tulicheka.

Prosesa niliirudisha kwenye kasi yake. Ikanitumikia miaka minne, polepole, bila ya kuganda.

Mwanangu, usione haya kununua kilicho rahisi, ila kitumie kwa kadiri yake. Kazi ikitaka zaidi, subiri uongeze fedha ununue kinachoiweza. Kisichopatikana tena usikiweke pahala pamoja tu, tena pa kubahatisha. Na ukikosea, sema. Njia ya muongo fupi.

Siku ile dada alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika mkono, akasema, "Mungu akupe moyo wa kusema kweli kabla hujaulizwa." Nikaitikia amin. Dua hiyo hiyo nakuombea na wewe.