Sanduku ya gitaa ya Tata Kasongo

Bandugu, leo nilitaka kuruka dirisha kwa kuogopa muzee mwenye sanduku ya gitaa.

Ni Tata Kasongo, ule alikuwa anapiga roki hapa Kolwezi kabla inchi haijaitwa Zaïre. Gitaa yenyewe alishauzisha. Sasa kazi yake ni kuchezesha bafanyakazi nyimbo za parti, chama ya serikali, kila asubuhi, mbele ya bendera.

Lakini sanduku haachi. Kila arusi anafika nayo, anajifungia mu chumba na bwana-arusi.

Ya nini?

Tangu utoto papa anatuambia: "Ule ni mupelelezi. Akipita, munyamaze." Mi hata salamu yake naitikia nikiwa mbali.

Leo redio ikatangaza: kravate, tai ya ku shingo, ile parti ilikataza miaka yote, sasa iko na ruhusa.

Mara hodi! Tata Kasongo na sanduku yake.

Nikasema, tumekwisha.

Akafungua sanduku. Kravate tupu! Kila moja na karatasi ya jina. Kumbe alikuwa anabafichia bapapa ba mutaa yote. Siku ya arusi, bwana-arusi anavaa moja mu chumba, banapiga foto ya siri, anarudisha.

"Kamata yako, Tata Ilunga," akamuambia papa.

Papa akaifunga ku shingo bila kioo, mara moja tu.

"Papa, si ulisema ni mupelelezi?"

"Mungejua kweli, mungeongea ku shule."

Sawa. Lakini ile fundo ya haraka vile, papa alijizoeza wapi?

Na bapapa benu, banaficha nini?