Mjane wa Ng'ambo

Nilimwombea mtu ambaye hayupo. Tena si kimoyomoyo: nilisimama mbele ya akina mama wa kikundi chetu cha maombi, siku ya Alhamisi, machozi yakiwa karibu, nikasema, "Tumukumbuke mujane mumoja. Shemeji yake anamufukuza mu nyumba, na kilio hakijaisha."

Mjane huyo alikuwa ndani ya simu yangu, sura ya tisa.

Nijitetee kidogo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuku wangu wanaijua Nchelenge, mji wetu huu wa Zambia kando ya ziwa, kuliko mimi. Tangu sekondari, kule Kongo, nasoma chochote chenye herufi. Hadithi za upelelezi nazipenda kuliko zote, na muuaji sijampata hata siku moja: kila mara namshuku daktari, hata kwenye kitabu kisicho na daktari. Za mapenzi nazicheka, halafu nalia. Za historia naanza kwa heshima kubwa, nalala ukurasa wa nne. Vitabu vitatu nilivyovuka navyo ziwa vilivimba kwa unyevu kama mikate, ndipo dada yangu wa Lubumbashi akaanza kunitumia vitabu vya kusikiliza. Mwanzoni nilividharau, kusomewa niliona ni kwa watoto na wagonjwa. Lakini ukianika chisense, wale samaki wadogo wa hapa, mikono yote miwili inanuka, na kitabu hakivumilii harufu hiyo. Sikio linavumilia. Sasa simu inakaa mfukoni, na mwanamke mwenye sauti ya taratibu ananisomea mpaka samaki wakauke. Ukisikia shida za mtu siku tano mfululizo, anakuwa jirani. Ndivyo yule mjane alivyonitoka mdomoni.

"Anaikala wapi?" akauliza mama mmoja.

Ningesema ukweli pale pale. Badala yake nikajibu, "Ng'ambo." Na kweli hadithi ilikuwa ya ng'ambo, nchi ya mbali huko. Lakini kwetu sisi ng'ambo ni moja tu: upande wa pili wa ziwa Mweru, tulikotoka sote.

"Namujua!" akaruka mwingine. "Si ule wa nyuma ya soko? Hata bwana yake nilimujua, Mungu amupumzishe."

Maiti akishapata shahidi, utabisha nini?

Jumamosi jirani yangu, anayefanya biashara ya samaki ng'ambo, akaingia uani na beseni la unga wa muhogo kichwani. Akina mama walikuwa wamemchangia mjane, kila mmoja kikombe chake. "Nipe jina yake, yaya," akasema, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake. "Boti iko karibu kutoka."

Unga ule ulitoka katika nyumba ninazozijua, na baadhi hazina wa kugawa. Nikisema ukweli, kikundi kinaweza kunifukuza, na Alhamisi ndiyo safari yangu pekee ya wiki. Nikisema uongo, unga utavuka maji kumtafuta mtu ambaye hajazaliwa. Nikaitoa simu, nikaifungua sauti.

"Ni huyu," nikasema.

Akasikiliza. Shemeji alikuwa amefika mlangoni na kufuli mpya.

"Huyu anayeongea ni nani?"

"Ni musomaji tu."

"Na mujane?"

"Hakuna mujane, mama. Ni kitabu."

Akatua beseni. Akakaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa. Nilipofungua mdomo kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa kidole: shemeji alikuwa anavunja mlango.

"Na boti?" nikanong'ona.

"Ni ya shemeji yangu. Itangoja."

Hakuinuka mpaka mjane alipoipata hati ya nyumba yake, chini ya godoro. Hapo akapiga makofi mawili, akasimama, akajikung'uta unga mabegani.

"Hii bunga utarudisha weye mwenyewe," akasema, "nyumba kwa nyumba, na utaeleza. Na siku ingine ukileta mutu ku maombi, mulete na miguu yake."