Kwetu Hatujapika

Askari wa kike alianza na kidole gumba. Alimbandua mwanangu kwenye kanga yangu kidole kimoja kimoja, pale barazani mahakamani, baba yake kasimama pembeni, gari kashaliwasha. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, Ijumaa zamu yetu. Nani atachambua mchele?"

Nikapiga kelele. Karani akatoa kichwa dirishani. "We mama, ukiendelea utalala gerezani Segerea."

Tulifikaje hapo? Nitasema, na wahusika nitawataja kwa kazi zao, wenyewe wanajijua.

Wa kwanza ni baba yake. Alining'oa meno ya mbele kwa ngumi, nikatoka kwake na mtoto mgongoni, nikapanga chumba Kinondoni kwenye nyumba ya wapangaji wengi, nikawa nauza mihogo ya kukaanga. Hakuuliza mtoto anaishije. Siku alipomaliza nyumba yake Goba, kaweka geti na mke mpya, ndipo akakumbuka ana binti. Akaenda kushtaki kwamba namlaza na njaa.

Wa pili ni afisa ustawi wa jamii aliyetumwa kuchunguza. Alikuja mchana, mie niko kwenye mihogo. Sasa, uwani kwetu tunapikaga kwa zamu. Mwenye zamu anapikia watoto wote, wanazunguka sinia moja, na majiko mengine siku hiyo hayawashwi kabisa. Ndiyo maana mtu unakwenda kwenye biashara yako roho imetulia. Siku hiyo zamu ilikuwa ya jirani yangu, mama wa kutoka Newala, akiongea mtaa mzima unasikia. Afisa akamkuta mwanangu mlangoni kwa jirani, tonge mkononi.

"Kwenu mmepika nini leo?"

"Kwetu hatujapika," mtoto akasema. Kasema kweli, kama nilivyomlea.

Afisa akaenda zake. Jirani hakumuuliza, mie hakuningoja.

Wa tatu ni hakimu. Alisoma taarifa ile kwa sauti, eti mtoto anaombaomba chakula kwa watu. Nikanyoosha mkono nieleze habari ya zamu. "Subiri uulizwe," akasema. Nikasubiri. Sikuulizwa, mtoto akapewa baba yake. Mie niliishia darasa la nne, nikadhani mahakama ndiyo ilivyo.

Nyumbani nilimkuta jirani anaosha sinia. Nilipomsimulia alilibwaga chini.

"Yaani ugali wangu ndio umekupokonya mtoto? Ugali wangu mie! Shoga, safari hii tunakwenda wote."

Binti mmoja wa msaada wa kisheria alituandikia maombi shauri lisikilizwe upya. Kila likiitwa, uwani kunabaki kutupu, tunajaa kwenye benchi la mahakama. Karani akatushangaa. "Nyie wote hawa ni mashahidi?"

"Sie wapishi, baba," jirani akamjibu. "Mashahidi ni matumbo ya watoto."

Na kila likiahirishwa, tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa diwani, ofisi ya ustawi, tukidai jambo lilelile: kabla mtoto hajaondolewa kwao, majirani waulizwe. Mmoja pale ofisini akatucheka. "Akina mama wa mihogo mnataka kuifundisha mahakama?"

"Hatuifundishi," nikamwambia. "Tunataka iulize."

Mwishowe tukapata hakimu mwingine, mama mtu mzima. Huyo aliuliza. Alituita mmoja mmoja, kila mtu peke yake, ataje nani anapika siku gani. Kisha akamwita mtoto. Hakimu alipotoka ofisini alituambia majibu yetu yote yamelingana, na kwamba mwanangu kazitaja zamu zote za wiki, akamalizia kwa kujisifu: "Ijumaa ni sie, na mchele nachambua mie."

Nikarudishiwa mwanangu. Alirudi kanenepa kidogo, sikatai, Goba wanakula. Ijumaa alikaa mlangoni na ungo wake, anawafokea wenzake wasimpige kumbo. Nilikaa kwenye kigoda namtazama, mwili wote umelegea kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Mihogo ikaungua. Wala sikuinuka.

Lakini raha haijanifunga mdomo. Hakimu yule wa kwanza bado anahukumu. Afisa kahamishiwa wilaya nyingine kwa kazi ileile, anaingia nyua za watu mchana. Na mwanangu, mpaka leo, mgeni akimuuliza kama amekula, ananitazama kwanza usoni, haniambii anaogopa nini.

Namtaka afisa yule arudi hapa uwani. Samahani ya kuandikwa siitaki. Aje saa ya sinia, akae chini, amwambie mtoto huyu kwa mdomo wake: kwa nini hakumngoja mama yake?