Taa ya Bawabu

Jumamosi, tarehe 12 Desemba. Asubuhi mawingu mazito, mchana manyunyu. Kufikia saa tisa jua lilitoka, likaikuta barabara bado inang'aa kwa maji.

Saa hiyo ya tisa fundi saa alifunika vifaa vyake kwa kitambaa cheupe, akapanga viti vinne. Wageni wake wa Jumamosi hawakuja kutengeneza saa. Walikuja kuzungumzia Mzingo wa Tisa, tamthilia ya televisheni ya watu wanaosafiri baina ya nyota, ambayo ilikuwa imewashika kama homa kwa mwaka wa sita sasa. Kinyozi wa chumba cha pili aliingia na taulo begani. Karani wa posta, ambaye walimwita Ushahidi kwa kuwa hakukubali neno lolote bila kuuliza ushahidi uko wapi, aliingia na simu mkononi. Mwisho akaja Nesi mstaafu, akipapasa kizingiti kwa fimbo yake nyeupe. Alihesabu hatua tatu kutoka mlangoni, akakaa bila kushikwa mkono.

Macho ya Nesi yalianza kufifia miaka mitatu nyuma. Tangu hapo, kila Ijumaa saa kumi, alikaa na Fundi mbele ya televisheni ndogo iliyokuwa juu ya kabati, naye Fundi akamsimulia picha. Wenzao walitazama makwao. Fundi aliiweza kazi hiyo. Mtu aliyeshinda maisha yake akikagua magurudumu madogo kama mbegu za ufuta haachi kuona kidole kinachotetemeka. Alingoja waigizaji wanyamaze, ndipo aseme maneno yake machache.

"Macho yangu siku hizi yana kitambi na upara," Nesi alipenda kuwaambia watu, akimwelekezea Fundi fimbo, "lakini yanaona vizuri."

Siku hiyo habari ilikuwa moja tu: kipindi maalumu cha sikukuu, Ijumaa ijayo. Karani alikuwa na kionjo chake kwenye simu, nusu dakika nzima. Abiria wa chombo wanaandaa meza ndefu. Viti sita vina watu. Cha saba kitupu.

"Cha nahodha wa zamani hicho," alisema Kinyozi. "Nawaambia."

"Nahodha wa zamani aligombana nao wote, nani amwekee kiti?" Karani alimkata. "Wewe kila mwaka unamrudisha huyo mzee. Mnafanana nini, ndevu?"

"Kiti ni cha Bawabu," alisema Nesi.

Fundi akainamia meza, akafunua kitambaa, akaanza kupanga upya koleo zilizokuwa zimepangika. Bawabu alikuwa mashine ya chombo kile, mfungua milango, mwenye taa moja ya buluu kifuani. Katika kipindi cha mwisho cha msimu uliopita, mwezi Machi, alibaki nje ya chombo ili aufunge mlango kwa mkono na wenzake wapone.

"Karani, hiyo saa yako si inachelewa?" Fundi aliuliza. "Ilete niione."

"Saa yangu nzima, kaka. Mama, ushahidi uko wapi kwamba ni Bawabu?"

"Ushahidi gani tena? Si alipunga mkono!" Nesi alicheka. "Taa yake ikaenda mbali inawaka. Anayekufa hapungi mkono, mwanangu. Mimi nimewafumba wengi macho, nawajua."

Kinyozi alitoa taulo begani. "Alipunga lini? Dada, Bawabu alizimika. Taa ilififia mpaka ikafa, mkono umeshika kitasa. Nililia siku ile, na anayetaka kunicheka anicheke."

Saa za ukutani zilikuwa zaidi ya thelathini, na zote zikasikika.

"Fundi," alisema Nesi.

"Naam, dada."

"Alipunga?"

"Hakupunga."

Ijumaa ile ya Machi, Nesi alikuwa amefika dukani moja kwa moja kutoka hospitali. Daktari alikuwa amemwambia kwamba upasuaji haukusaidia kitu, na mwanga kidogo uliobaki nao utakwenda. Alilieleza jambo hilo kwa ufupi, kama anayesoma cheti cha mtu mwingine, kisha akasema, "Haya, washa." Mwishoni mwa kipindi hakukuwa na maneno, ni muziki tu, dakika mbili. "Anafanya nini?" Nesi akauliza. Fundi alikuwa akiitazama taa inavyokufa. Ulimi wake ukamwambia Nesi kwamba anapunga mkono. Kesho yake Nesi hakuja kwenye mazungumzo, na baada ya hapo kila Bawabu alipotajwa, Fundi alikuwa na saa ya mtu ya kuuliza habari zake. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kumngojea Bawabu arudi.

"Nilikuwa nimetoka kuambiwa langu," alisema Nesi polepole. "Nikalibeba mpaka hapa kwa miguu yangu. Wewe ukaona la mashine litanishinda?"

Fundi alirudisha koleo chini ya kitambaa.

"Mangapi mengine?"

Fundi alivuta droo, akatoa daftari lake. Kila Ijumaa, Nesi akishaondoka, aliandika yaliyotokea. Pale alipokuwa amebadili, aliandika pembeni kwa wino mwekundu alichosema. Alikuwa amekusudia siku moja amsomee. Alihesabu.

"Saba."

"Soma."

Akasoma. Bustani ya chombo ilikuwa imenyauka. Yeye alisema imestawi. Mama wa nahodha hakumkumbatia mwanawe. Yeye alisema alimkumbatia. Alipofika kwa rubani, ambaye Nesi alimpenda na ambaye alikuwa amesifiwa kwa tabasamu zuri, Kinyozi alishindwa kujizuia.

"Zuri? Yule ana meno kama reki!"

Karani alimkanyaga mguu. Nesi hakucheka. Miaka mitatu hakuwahi kumuuliza Fundi jambo mara mbili, na hilo ndilo lililomchoma Fundi alipofunga daftari.

Nesi alisimama. "Ijumaa atanisimulia Kinyozi."

"Mimi? Dada, mimi mdomo wangu haujui kunyamaza!"

"Ndiyo maana."

"Nikusindikize?" Fundi aliuliza.

"Njia naijua." Akahesabu hatua zake tatu, akatoka.

Kesho yake, Jumapili, mbingu zilikuwa safi. Fundi hakufungua duka. Alikwenda kwa Kinyozi, akamkuta anafagia, akakaa kwenye kiti cha wateja ingawa kichwa chake hakikuwa na cha kunyolewa.

"Mwambie kwanza nani amesimama wapi," alisema. "Halafu mikono. Uso uwe mwisho. Usiseme juu ya maneno yao, ngoja wanyamaze. Akikuuliza, mjibu upesi, hapendi kungojeshwa."

Kinyozi aliegemea fagio. "Na kile kiti kikibaki kitupu?"

"Mwambie kimebaki kitupu."

Akamwachia daftari juu ya meza, kando ya mashine ya kunyolea, akarudi nyumbani.